Sanduku la Kufuli Tatu: Mwongozo wa Kuandika Hadithi ya Upelelezi Yenye Hatari, Utani na Undugu

Waandishi wanaoanza hunitumia miswada ya hadithi za upelelezi, na karibu kila mswada huja na maswali yale yale. "Nimuue mtu ukurasa wa ngapi?" "Nikiweka vichekesho, hofu haitapotea?" "Mambo ya ndoa na familia niyaweke wapi yasipunguze kasi?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo naandika kwa utaratibu, ili uwe nao mezani unapofanya kazi.

Jibu langu kwa maswali yote matatu ni moja: kabla ya kuwaza maiti, jua nani anamtania nani, na nani anamstahi nani. Ukishajua hilo, utajua kicheko kitatoka wapi, hatari itamuuma nani, na swali gani mpelelezi wako hathubutu kuliuliza. Kwetu mtu haishi peke yake. Ana mkwe, wifi, mjukuu, shoga, mtani na jirani wa ukuta mmoja. Hadithi inayomtoa mpelelezi katikati ya watu hao na kumwachia bastola na gari tu imetupa nusu ya mali yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi na kalamu mbili za rangi, kijani na nyekundu. Usianzie kwenye simu, utahitaji kuchora.
- Mahali padogo unapopajua kwa miguu yako: mtaa mmoja, bweni, soko, gati. Usichague jiji zima.
- Watu sita au saba. Kwa hadithi fupi, wakizidi hapo msomaji ataanza kuchanganya majina.
- Kosa moja, na sababu yake kwa sentensi moja. Ukihitaji sentensi tano kueleza kwa nini mtu kaiba, bado hujamjua mwizi.
- Kitu kimoja cha kila siku ambacho unajua barabara kinavyofanya kazi. Kama hadithi yako iko pwani, jua kwamba bahari hujaa na kupwa kila baada ya saa 6 na dakika chache, na kwamba maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, si sawa na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mvuvi anayedai alitoa ngalawa wakati maji yalikuwa yamekauka hadi mwambani amejifunga mwenyewe, na msomaji wa Pemba au Lamu atamkamata kabla ya polisi.
- Ujuzi kidogo wa taratibu. Tanzania, anayeripoti kosa hupewa namba ya RB, na aliyejeruhiwa hutakiwa fomu ya PF3. Kenya watu huulizana namba ya OB, na fomu ni P3. Maneno haya mawili matatu, yakikaa mahali pake, hufanya kituo chako cha polisi kiaminike bila kukieleza.
- Mtu wa kumsomea kwa sauti. Awe mama, awe dereva mwenzio wa bodaboda, mradi awe na subira ya nusu saa.

Mfano tutakaoutumia

Nitatumia hadithi moja ya kubuni mwanzo hadi mwisho. Tuko Tanga, Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kuna kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa fedha, cha wanawake 24. Fedha zao zimo kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne, Bi Saumu, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Utaratibu huo sikuubuni. Ndivyo vikoba vingi vinavyojilinda. Waandishi wengi huniuliza watapata wapi fumbo la chumba kilichofungwa, lile la kosa lililotendeka mahali palipofungwa pande zote, na hili hapa limewekwa chini ya kitanda cha jirani.

Alfajiri ya Alhamisi Bi Saumu anakutwa uani amekufa. Watu wanasema kateleza usiku. Anazikwa siku hiyo hiyo. Jumamosi kikoba kinakutana, kufuli zinafunguliwa moja moja mbele ya wote, kifuniko kinainuliwa. Ndani mna daftari la mahesabu na muhuri. Fedha hakuna.

Hatua ya 1: Chora ramani ya utani na heshima

Andika majina ya watu wako kwenye duara. Kati ya wanaotaniana, piga mstari wa kijani. Kati ya wanaostahiana, mwekundu. Kwa hadithi yetu ramani inakuja hivi.

Bi Hadija, fundi cherehani, ndiye mpelelezi. Mjukuu wake Athumani ana miaka 17 na anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Bibi humwita "mume wangu", naye humtishia kila asubuhi kwamba ataoa mke wa pili anayejua kupika. Kijani.

Mzee Maganga, mlinzi wa usiku, ni Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Bi Saumu alikuwa Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda Bagamoyo. Kijani nzito kabisa, kwa sababu mtani wa namna hii ana ruhusa ya kutania hata msibani, mbele ya jeneza, na hakuna wa kumkasirikia.

Bi Hadija na Seif, mume wa binti yake Salha: mama mkwe na mkwe. Nyekundu. Hawakai mkeka mmoja, hawatupiani maneno ya mzaha, na Seif akipita barazani hushusha sauti. Seif ni fundi wa kuchomelea vyuma. Salha ni mmoja wa washika funguo.

Bi Hadija na wifi yake Mwanamvua, mshika ufunguo wa pili: rangi zote mbili. Mawifi hutaniana, lakini utani wao una meno.

Sasa itazame ramani. Mistari ya kijani ni milango: humo habari hupita kwa urahisi, tena huku watu wanacheka. Mistari myekundu ni kuta. Mpelelezi wako anaweza kumuuliza mlinzi chochote, lakini hawezi kumwambia mkwewe, "Jumatano usiku ulikuwa wapi?" Mila yenyewe inamfunga mdomo. Mkosaji wako mweke nyuma ya ukuta mwekundu. Huna haja ya kumpa ujanja mwingi. Heshima ya watu inamficha vizuri kuliko barakoa.

Onyo: utani wa makabila una mipaka yake. Hakikisha makabila uliyoyachagua ni watani kweli, wafanye watu wa pande zote mbili warushiane, na usimfanye mtu awe mwizi au mwongo *kwa sababu* ya kabila lake. Kama unaandikia mahali ambapo utani wa namna hii hauna nguvu, usiulazimishe. Utani wa babu na mjukuu au wa mabinamu utakufaa vilevile.

Hatua ya 2: Mpe mpelelezi kazi inayomfungulia siri

Usimfanye mpelelezi mjuzi wa kila kitu. Mpe kazi, halafu jiulize: kazi hii inamwonyesha nini ambacho wengine hawakioni? Fundi cherehani ana daftari la vipimo. Anajua nani kanenepa, nani ana mimba ambayo mumewe hajaambiwa, nani kaleta kitambaa cha bei asiyoiweza. Muuza maziwa anajua nani kaamka mapema. Kinyozi anajua nani ana jeraha kichwani.

Katika hadithi yetu, Salha ameleta suruali za Seif zipunguzwe kiuno mara mbili ndani ya miezi miwili. Bi Hadija hawezi kumpima mkwewe, wala hawezi kumuuliza anakonda kwa nini. Lakini sindano imeshamwambia. Baadaye tutajua kwamba Seif ameingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na anawindwa kila siku.

Mpe pia mwenzi wa kuzungumza naye, vinginevyo mawazo yote yatabaki kichwani mwake na msomaji atachoka. Jambo hili si geni katika Kiswahili: Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye riwaya za Muhammed Said Abdulla, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1960, ana rafiki yake Najum pembeni. Ila chagua mwenzi ambaye ana kitu cha kupoteza. Athumani jioni hujifunza kuchomelea kwenye karakana ya Seif, na anampenda baba yake mdogo huyu kuliko mtu yeyote mtaani.

Hatua ya 3: Andika ukweli wa usiku ule, saa kwa saa

Hatua hii ni ya kwako peke yako, msomaji hataiona. Iandike kavu kabisa.

Saa 6 usiku, Mzee Maganga anaondoka lindoni kwenda kunywa kahawa. Saa 6 na nusu, Seif anaingia kwa mlango wa uani, ambao haufungwi. Sanduku alilitengeneza yeye, kwa hiyo hana haja ya kufuli. Anatia grisi kwenye bawaba za nyuma, anazigonga pini polepole kwa msumari, anafungua kifuniko upande wa nyuma. Anachukua fedha, anarudisha pini. Saa 7, Bi Saumu anaamka. Anamfuata uani, anamshika mkono, wanavutana. Anaanguka, kichwa kinapiga ukingo wa kisima. Seif anakimbia.

Ukishaiandika, pigia mstari kila kitu kilichoacha alama: grisi, mlango wa uani, pini, mkono ulioshikwa. Hivyo ndivyo vidokezo vyako. Usiongeze vingine ambavyo havikutoka kwenye usiku huo. Mwandishi anayebuni vidokezo huku anaandika huishia kutupa kitambaa chenye damu sura ya nne, asijue sura ya tisa akifanyie nini.

Kosa ninaloliona kila mara hapa ni kusahau mazishi. Mtu anakufa Tanga au Unguja, familia ya Kiislamu, na maiti inakaa wiki nzima ikisubiri mpelelezi aje kuitazama! Kwa kawaida angezikwa siku hiyo hiyo, na kufukua kaburi ni jambo la vibali na la uchungu mkubwa kwa familia. Usiuone huu kuwa usumbufu, maana ndio utajiri wako. Ushahidi unaingia ardhini kabla ya Alasiri, na walioiona maiti kwa karibu ni wale waliomwosha tu. Mwosha aliona grisi nyeusi chini ya kucha za Bi Saumu, bibi ambaye hakuwahi kushika chombo cha fundi. Lakini mwosha ana amana: anachokiona kwenye mwili wa maiti anapaswa kukisitiri. Mazungumzo kati yake na Bi Hadija yanaweza kuwa kurasa bora kuliko zote katika hadithi yako, kwa sababu wanawake wawili wema wanavutana na wote wana haki. Kaa hapo. Usiharakishe.

Hatua ya 4: Ipandishe hatari kwa ngazi

Anayeanza hudhani hatari ni kisu. Kisu cha kwanza kinatisha, cha pili kinazoeleka, cha tatu kinachosha. Jenga ngazi tatu, na uanzie chini.

Ngazi ya kwanza ni aibu. Salha ana ufunguo, kwa hiyo anatajwa. Siku mbili baadaye hakuna mwanamke anayeleta kitambaa kwa Bi Hadija. Andika mlio wa cherehani usiosikika mchana kutwa. Hiyo ni hatari tayari, maana mtu anakufa njaa polepole mbele ya majirani.

Ngazi ya pili ni kuvunjika kwa uhusiano. Salha anamjia mama yake usiku na kumwambia, "Mama, ukiendelea kuchimba, nitaachika. Na nikiachika nitarudi hapa hapa kwako." Sasa kila hatua ya upelelezi ina bei, na msomaji anaijua.

Ngazi ya tatu ni mwili. Ifikie baada ya kuzipanda mbili za kwanza, na tumia kitu kilichokuwepo tangu mwanzo. Sisi tuna karakana. Mwanga wa kuchomelea ukitazamwa bila kioo cha kukinga huunguza macho. Kila kijana aliyepita karakana anajua maumivu yake ya usiku. Huna haja ya kuleta bunduki Ngamiani.

Hatua ya 5: Ficha kidokezo ndani ya kicheko

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Msomaji wa hadithi za upelelezi ni mwindaji. Ukiandika kwa sauti nzito kwamba "mlango wa uani ulikuwa wazi", atashtuka na kuuweka akilini. Lakini mtu anayecheka hawindi. Akicheka, ameshusha mkuki.

Tazama. Ni Alhamisi, msibani kwa Bi Saumu. Hakuna anayejua bado kwamba fedha zimeibwa. Mzee Maganga anaingia na kamba, anaifunga kwenye mguu wa jeneza.

"Haondoki mtu hapa! Huyu Mzaramo ana deni langu la kuku wawili tangu mwaka juzi!"

"Mlipeni mtani, maiti ipite," alisema mzee mmoja, akitoa noti.

"Haitoshi! Miaka sita namlinda. Wazaramo hawa mbele wanafunga kufuli tatu kama benki, huko nyuma mlango wanaufunga kwa kanga. Sasa mimi nilinde mbele au nilinde kanga?"

Hata wafiwa walicheka. Mwanamvua alijifuta machozi, hayakujulikana ya nini, akatoa mia tano. "Shika, Mnyamwezi wewe. Ukanywe kahawa yako uliyoizoea."

"Na kahawa ya leo ni juu yenu," alisema Maganga, akafungua kamba.

Vidokezo viwili vimepita hapo: nyuma hapana ulinzi, na mlinzi ana mazoea ya kwenda kunywa kahawa. Tena vimepita kabla msomaji hajajua kwamba kuna wizi. Jumamosi sanduku linapofunguliwa, macho yote yatakuwa kwenye kufuli, mbele, wakati jibu liko nyuma, kwenye bawaba. Mzee Maganga mwenyewe hakujua alichokisema.

Ili mbinu hii ifanye kazi, shika mambo haya. Utani lazima uchekeshe hata kwa mtu asiyejua kuna fumbo. Ukiuweka kwa ajili ya kidokezo tu, utanuka. Kidokezo kikae katikati ya maneno, kisiwe neno la mwisho, kwa sababu neno la mwisho ndilo linalobaki sikioni. Baada yake, mtu mwingine adakie au jambo jingine litokee mara moja. Na usikirudie. Nimeona mswada ambao mlinzi alitaja mlango wa nyuma mara nne. Mara ya pili tu fumbo lilikuwa limeisha.

Hatua ya 6: Tumia ukimya wa mtani kama king'ora

Swali la "vichekesho havitaua hofu?" linajibiwa hapa. Vichekesho huua hofu pale mwandishi anapomchekesha msomaji wakati mhusika anaogopa. Lakini ukimzoesha msomaji kwamba watu fulani wawili hutaniana kila wanapokutana, halafu siku moja mmoja wao asicheke, damu ya msomaji itaganda bila wewe kuandika neno "hofu".

Athumani na Seif wamekuwa wakicheka pamoja tangu sura ya kwanza. Sasa ni jioni, wako wawili karakanani.

"Baba mdogo, bibi anauliza kama unafunga Ramadhani peke yako. Suruali zako anazipunguza kila mwezi."

Seif hakucheka. Aligeuza fimbo ya kuchomelea mkononi, akaitazama ncha yake.

"Bibi yako anauliza hivyo?"

"Anatania tu."

"Mama mkwe hanitanii mimi." Alisogeza kipande cha chuma mezani. "Njoo karibu. Leo nataka uone chuma kinavyoungana. Vua hiyo miwani, inakuzibia."

Ona: hakuna tishio lililotamkwa. Kuna kanuni ya heshima tuliyoichora hatua ya kwanza, na Seif ndiye anayeitaja. Amejua kwamba swali limevuka ukuta. Ukitaka kujipima, ifute ile kanuni ya mkwe kwenye hadithi, uisome tena sehemu hii. Itabaki mazungumzo ya mafundi.

Hatua ya 7: Kila kidokezo kigharimu uhusiano

Pitia vidokezo vyako kimoja kimoja, uandike pembeni kimeharibu nini kati ya nani na nani. Grisi ya kwenye kucha imemfanya mwosha avunje amana yake. Suruali zimemfanya Bi Hadija atumie vipimo vya wateja kama upelelezi, na Mwanamvua akilijua hilo atamwita mchawi. Pini ya bawaba imemfanya Athumani amchunguze mtu aliyemfundisha kazi. Ukikuta kidokezo ambacho hakikumgharimu mtu, kiondoe au kihamishie kwa mtu mwingine.

Mapenzi ya kijana na binti, ambayo wengi hunibana niyaongelee, huingia kwa sheria hiyo hiyo. Kama penzi linafunga mdomo wa shahidi au linafungua mlango, liweke. Kama lipo ili kupamba tu, liache kwa hadithi nyingine.

Hatua ya 8: Panga makabiliano yanayofaa watu hawa

Wengi humkusanya kila mtu sebuleni, mpelelezi akahutubia kurasa kumi. Kwa Bi Hadija haiwezekani. Hawezi kumnyooshea mkwewe kidole mbele ya ukumbi, na akifanya hivyo hutakuwa unaandika Bi Hadija tena.

Anafanya linalowezekana kwake. Anamaliza suruali ya tatu, anaitia pini ya bawaba mfukoni, anaushona mfuko mdomo, anampa Salha aipeleke nyumbani. Usiku Seif anakuja. Anakaa barazani, Bi Hadija yuko ndani nyuma ya pazia, Salha amesimama katikati mlangoni.

"Mwambie mumeo," Bi Hadija alisema, "suruali imekwisha. Mfuko nimeufunga, kuna kitu chake humo nisingependa kipotee."

Salha alimgeukia mumewe. Hakuhitaji kurudia; Seif alikuwa amesikia.

"Mwambie mama," Seif alisema, "nashukuru."

"Mwambie pia kwamba mjukuu wangu macho yake yamepona. Alivua miwani, lakini alifumba. Bibi yake alimfundisha kufumba kabla hajafundishwa kuchomelea."

Binti anabeba maneno ya mama kumpelekea mume, na katikati ya safari hiyo fupi ya hatua mbili anaelewa ameolewa na nani. Hapo hatari, upendo na ule ulimi mkali wa Bi Hadija vimekuwa kitu kimoja. Askari waje baadaye, na wasizungumze sana.

Hatua ya 9: Andika siku inayofuata

Usiishie kwenye pingu. Wanawake 24 bado hawana fedha zao. Mwanamvua, aliyekuwa akisema vibaya, lazima avuke barabara na kitambaa mkononi. Athumani ana ufundi aliofundishwa na muuaji na hajui aufanyie nini. Kurasa mbili tatu zinatosha, lakini mswada usiokuwa nazo huwa naurudisha kwa mwenyewe aziongeze.

Ukikwama

*Msomaji wangu amemjua mkosaji mapema.* Muulize ni wapi hasa alimjua. Mara nyingi ni pale ulipomfanya mkosaji awe mkali au mkimya kupita wengine. Mpe wema wa kweli. Seif alimfundisha Athumani kazi bila malipo, na hakuwa anaigiza.

*Vichekesho vyangu havichekeshi.* Huenda umeandika vichekesho vinavyoweza kusemwa na mtu yeyote kumwambia mtu yeyote. Rudi kwenye mistari ya kijani. Mzaha mzuri unaweza kutoka kwa mtu huyu tu, kwenda kwa mtu yule tu. "Mume wangu" inachekesha kwa bibi. Ikisemwa na jirani ni kashfa.

*Hatari haimshtui mtu.* Hesabu ni mara ngapi tumemwona anayehatarishwa akiwa salama na mwenye furaha kabla ya hapo. Kama ni chini ya mara mbili, msomaji hana cha kukipoteza.

*Hadithi imelala katikati.* Yawezekana mpelelezi anahoji mtu baada ya mtu, kila mmoja akijibu vizuri. Mpeleke kwenye mstari mwekundu, mahali ambapo haruhusiwi kuuliza, umwone atapita wapi.

*Polisi wanaharibu fumbo langu.* Jiulize kwa nini hawakuja mapema. Katika mfano wetu watu waliamini ni ajali, kisha walikiona kifo na wizi kuwa mambo mawili tofauti. Sababu ikiwa ya kibinadamu, msomaji ataikubali. Ikiwa ni "polisi walikuwa wazembe" tu, tafuta nyingine.

*Sijui kama saa zangu zinakubaliana.* Andika zote kwa saa za Kiswahili, na popote penye saa ya simu au risiti kumbuka kwamba huko ni saa za Kizungu. Ujumbe wa fedha kwenye simu huonyesha tarehe na saa, kwa hiyo mhusika aliyetuma pesa "saa 3 usiku" lazima ujumbe wake usome 21:00 au 9:00 PM, na dakika zake. Kosa moja hapo, na wasomaji watakuandikia.

*Nimemaliza, nifanye nini?* Msomee yule msikilizaji wako, bila kumwambia lolote kabla. Kalamu iwe mkononi. Weka alama ya kijani pale anapocheka na nyekundu pale anapoacha kusogeasogea kwenye kiti. Ukifika Jumamosi, sanduku linapofunguliwa, nyamaza umuulize: "Unadhani zimetokaje?" Akianza kuzungumzia funguo, endelea kusoma. Akisema "nyuma", rudi msibani ukaupange upya utani wa Mzee Maganga.